Usilipe hata senti kabla boila haijapimwa unene

Mkuu, usitume hicho kishika uchumba. Umeandika kwamba kikundi chenu kimepata injini ya mvuke iliyokaa nje kama pambo kwa miaka mingi, muuzaji anawapa na cheti cha kipimo cha maji, na unauliza mambo mawili: mtenge kiasi gani cha matengenezo, na nauli ya abiria mpange vipi ili ijiendeshe. Hicho cheti ndicho kimenifanya nishindwe kunyamaza. Sisi tuliuziwa injini kwa karatasi ya namna hiyo hiyo, na fedha iliyoteketea kwa sababu yake ingenunua injini nyingine mbili.

Kipimo cha maji ni hivi: boila, yaani tangi la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, inajazwa maji pomoni, inasukumwa kwa pampu kupita presha yake ya kazi, kisha watu wanatazama kama inavuja. Kinachothibitika ni kwamba siku ile, ikiwa baridi, ilishika. Hujui bado chuma kimebaki milimita ngapi, wala boliti ngapi zimekatika ndani. Nazungumzia zile boliti, mamia kwa mamia, zinazoshikanisha ukuta wa tanuri, yaani sanduku la moto, na ukuta wa nje wa boila. Maji hukaa katikati ya kuta hizo mbili. Chini kabisa, juu ya pete ya msingi, ile fremu ya chuma inayoziba nafasi hiyo kwa chini, ndipo tope na magamba ya chokaa hutuama. Injini ikistaafishwa bila kuoshwa na kukaushwa, kutu inakula pale pale miaka yote ambayo watu wanaipanda kupiga picha, huku nje rangi nyeusi ikimeremeta.

Yetu ilimeremeta sana. Mshauri aliyeletwa na muuzaji aliizunguka na tochi, akagonga nyundo hapa na pale, akasema, "Hapa ni kubadilisha mirija tu." Mirija! Mirija, yale mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, kila mtu anajua inabadilishwa, ipo kwenye bajeti tangu mwanzo. Tulipovua mabati ya nje tukakutana kwanza na asbesto, ambayo hubandui mwenyewe. Wanakuja watu wenye leseni na mavazi maalumu, na ankara yao si ya mchezo. Ndipo mkaguzi tuliyemtafuta wenyewe akapitisha kipima unene cha mawimbi ya sauti kwenye pembe za chini za tanuri. Kila akisogeza mkono namba inashuka, mpaka ikafika chini ya nusu ya unene ulioandikwa kwenye michoro ya kiwanda. Alikuwa anatia chaki kila palipokonda, na alipomaliza, sehemu ya chini ya upande mzima ilikuwa nyeupe.

Bamba lililokonda hivyo haliwekwi kiraka. Linakatwa, linaundwa jipya, na boliti zake zote zinatobolewa na kukazwa upya moja baada ya nyingine. Mafundi wa kazi hiyo ni wachache, wengi umri umekwenda, na kila mmoja ana foleni. Wakati mnasubiri, kodi ya karakana inaendelea, bima inaendelea, na wachangiaji waliotoa kwa moyo wanaanza kuuliza treni yao iko wapi.

Yule mshauri sijamsamehe. Alikuwa analipwa na muuzaji na hakututamkia. Tulipompigia simu akajibu eti injini za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo! Kipimo kile cha unene kingefanyika kabla ya mkataba, tungejua tunanunua nini.

Na hili haliwapati wenye mifuko midogo peke yao. Mfanyabiashara Mwingereza Alan Pegler aliinunua Flying Scotsman, injini ya mvuke maarufu ya Uingereza, mwaka 1963 kwa pauni 3,000, akaipeleka Marekani mwaka 1969, na 1972 alikuwa amefilisika. Makumbusho ya Taifa ya Reli ya Uingereza yaliinunua mwaka 2004 kwa pauni milioni 2.3. Matengenezo makubwa yakaanza 2006, na hadi inarudi njiani 2016 yalikuwa yamemeza pauni milioni 4.2 hivi. Linganisha mwenyewe bei ya kununua na bei ya kutengeneza.

Hata boila ikipona, haiponi moja kwa moja. Marekani sheria inataka ifunguliwe na kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Uingereza kawaida ni miaka 10. Chuma kilichobaki ndicho kitakachoamua mkifika hapo mtakarabati au mtaanza upya.

Kwa hiyo tafuteni mkaguzi wa boila, mumlipe ninyi, asiwe na undugu wala biashara na muuzaji. Mabati yavuliwe kwa utaratibu wa asbesto, mirija itolewe ili aone ndani, na apime kwa mistari ya karibu karibu: pembe za chini za tanuri, kuzunguka matundu ya kuoshea, na bamba la mirija la mbele. Gharama hiyo itauma, lipeni hivyo hivyo. Muuzaji akikataa kufunguliwa kwa boila, mwacheni na injini yake. Akikubali, leta hapa namba zote pamoja na michoro ya kiwanda, tuzipitie bamba kwa bamba.