Baba akikutwa na saratani ya tezi dume, wanaume wengine utawafikiaje?

Mkuu, pole sana kwa mzee. Umeuliza uanzie wapi kuwashawishi kaka zako na wanaume wa mtaani wakapime bila kumvunjia baba heshima. Mimi nipo Mwanza, baba yangu alikutwa na ugonjwa huo huo akiwa na miaka 67, kwa hiyo nakujibu kwa niliyopitia.

Kwanza muombe ruhusa mzee mwenyewe. Mimi nilikosea hapo. Nilimweleza baba mdogo mapema, na mzee akakaa siku mbili hataki kusemeshwa. Huu ni ugonjwa unaogusa mkojo na unyumba, na mzee wa Kisukuma hayo hayazungumzi na mwanaye. Nilimwomba radhi, nikamwachia muda.

Baba ni fundi mitumbwi. Mwaka mzima alikuwa anaamka usiku mara tano, sita, anasimama nyuma ya migomba, mkojo unakatika, unaanza tena, mama anamsubiri mlangoni na tochi. Zahanati ya kwanza walisema U.T.I., akameza dawa. Ilipokuja damu, majirani wakasema kichocho, maana alikulia kwenye majaruba ya mpunga, na huku kwetu damu kwenye mkojo jibu lake huwa hilo. Kichocho kipo kweli na kipimwe, lakini mtu wa umri ule asiishie hapo. Mgongo ulipoanza kuuma tukasema ni kazi ya kuinama na randa. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ndiko walikopima damu, PSA, yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikawa juu sana, wakachukua kinyama cha kupima, na picha zikaonyesha imeshafika kwenye mifupa.

Miezi ilipita, siku moja akasema mwenyewe, "Nipeleke mwaloni," yaani ufukweni wanapoegesha mitumbwi. Tulichagua siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wanashinda nchi kavu wakishona nyavu. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kidole kinapita kwenye maungio ya mbao, pale anaposhindiliaga pamba maji yasiingie. Akawaambia, "Huu mnaniletea ukianza kutoa jasho tu. Mimi nimekwenda hospitali maji yameshajaa." Kimya. Kisha kijana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ni kweli wanaingiza kidole?"

Mkuu, swali hilo ndilo linalowazuia wanaume wengi, kuliko ubishi tunaowasingizia. Lijibu waziwazi. Kwa kawaida wanaanza na damu ya mkononi. Daktari akihitaji kupima kwa kidole atakueleza kwanza, na hakuchukui hata dakika moja. Waambie pia kwamba tezi dume ni kiungo, kila mwanaume anayo. Mtu akisema "fulani ana tezi dume" hajataja ugonjwa. Na PSA ikipanda si lazima iwe saratani, inaweza kuwa tezi imetanuka kwa umri au kuna maambukizi, ndiyo maana majibu yanarudi kwa daktari, hayasomwi kijiweni. Saratani yenyewe mwanzoni inaweza kukaa kimya bila dalili yoyote.

Kwa kaka zako usizunguke. Mtu ambaye baba yake aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine, na sisi watu weusi iko juu zaidi. Kwa hiyo wasisubiri miaka 50. Wazungumze na daktari wakiwa na 40 au 45, wajue faida ya kipimo na mipaka yake. Mimi nilipima nikiwa na 41, nikarudi mwaloni na pamba bado imebandikwa mkononi. Hiyo ilisaidia kuliko maneno yangu yote. Wanne nilikwenda nao kwa daladala. Mmoja aliishia getini akageuka, sikumsema. Mwezi uliofuata akanipigia mwenyewe.

Uliuliza pia kuhusu kufuga masharubu Novemba, ile kampeni ya Movember. Ni jambo jema, lilianzia Melbourne, Australia, mwaka 2003, na limechangisha fedha nyingi kwa ajili ya afya ya wanaume. Ila mtaani kwenu masharubu peke yake hayatasema kitu. Mtu akiyauliza, uwe tayari kukaa naye.

Usimsahau mzee ukiwa unahangaika na wengine. Baba anachomwa sindano ya kushusha homoni za kiume kila baada ya miezi mitatu. Usiku joto linampanda ghafla, anakaa kitandani anajipepea na kipande cha boksi, jasho linamtiririka, na alidhani ndio anakufa mpaka nesi alipomweleza ni sindano. Hakuwa ameniambia, alimwambia mama. Sasa naenda naye kila kliniki, na nikifika namuuliza kama niingie au nisubiri nje.

Mzee wako ameanzishiwa matibabu gani? Kama mpo kanda ya ziwa na ni ya mionzi, ulizeni Bugando kabla ya kupanga safari ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, maana mionzi ipo hapa hapa. Siku ya kliniki ukitaka mtu wa kukaa naye kwenye benchi, niandikie.