Mwanafunzi asiye mwalimu anaweza kusaidia?
Umeuliza kama mwanafunzi aliyeko Japani, ambaye hakusomea ualimu, anaweza kumsaidia kweli kujifunza Kijapani anayejiandaa kwenda kufanya kazi huko. Anaweza, tena sana! Viza ya ujuzi maalumu iliyoanza 2019 kwa kawaida inadai mtu afaulu mtihani wa Kijapani, JLPT ngazi ya N4 au JFT-Basic. Sarufi ya mtihani mwachie mwalimu. Wewe shika mazungumzo, nusu saa kwa simu ya video inatosha. Anayekwenda kutunza wazee mfundishe "zukizuki", maumivu ya kupwita, na "chikuchiku", ya kuchomachoma kama sindano, maana mgonjwa hasemi kama kitabu. Na tafadhali mzoeze kusema "mō ichido onegai shimasu", naomba urudie. Wengi huitikia "hai", yaani ndiyo, bila kuelewa, na kiwandani hapo ndipo mtu anapoumia.