Jibu: Maiki inasikika kwa mbali hata fada ikiwa juu kabisa

Kwa maelezo yako (maiki ya kuimbia, kebo yenye XLR, ile plagi ya pini tatu, upande mmoja na jeki nene upande wa pili, sauti hafifu, muungurumo ukipandisha fada, yaani kile kitelezi cha kiwango cha sauti), mchawi ni kebo. Miksa haina kosa.

Maiki ya dainamiki (aina ya kawaida ya kuimbia, isiyohitaji kupewa umeme) hutoa umeme kidogo mno, milivolti 1 au 2 hivi mtu akiongea karibu nayo. Tundu la jeki kwenye miksa nyingi ndogo ni la laini, yaani linasubiri kinanda au kompyuta inayotoa karibu volti nzima. Ukichomeka maiki pale, kikuza sauti cha maiki hakiguswi kabisa au kinapunguziwa nguvu. Unapandisha fada, kinachopanda ni mvumo. Hata yale matundu yanayopokea XLR na jeki kwa pamoja, mara nyingi jeki inakwenda laini.

Tumia kebo ya XLR kwa XLR: jike kwenye maiki, dume kwenye miksa. Pini ya 1 ni ngao (waya wa kinga unaozunguka zingine), ya 2 na ya 3 zinabeba sauti kwa mielekeo inayopingana. Kelele ikiingia njiani inaingia sawa kwenye waya zote mbili, na kwa kuwa miksa inachukua tofauti kati yake, kelele inajifuta. Kebo yako ya jeki ya mono imeunganisha pini ya 3 na ngao, kwa hiyo faida hiyo imekufa. Ukichomelea mwenyewe, usigeuze 2 na 3: maiki moja haitaonyesha kosa, lakini maiki mbili zikimpokea mwimbaji mmoja, besi itatoweka.

Sasa kuunganisha. Washa miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Kabla ya kuchomeka, shusha fada ya chaneli na ya jumla, geni (kirungu kinachokuza sauti ya maiki inapoingia kwenye miksa) iwe chini kabisa, vitufe vya besi na treble katikati. Chomeka. Kama maiki ni ya kondensa, ndipo ubonyeze +48V (umeme ambao miksa huipa maiki ya aina hiyo kupitia kebo), fada zikiwa bado chini, maana huo mshindo unaweza kuumiza spika. Kwenye miksa ndogo kitufe hicho huwa kimoja kwa chaneli zote. Dainamiki nzima yenye kebo nzima haidhuriki nacho. Maiki ya utepe (yenye utepe mwembamba wa chuma ndani), hasa ya zamani, ichomoe kabla ya kubonyeza.

Geni ndiyo kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoharakisha. Bonyeza PFL ya chaneli (kitufe kinachokuonyesha kiwango cha sauti kabla ya fada), mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayotumia kweli (ile "moja, mbili, tatu" ya upole inakudanganya), kisha pandisha geni hadi taa zicheze karibu na 0. Taa nyekundu ikiwaka, rudisha nyuma. Baada ya hapo toa PFL, peleka fada ya chaneli kwenye alama ya 0, halafu pandisha ya jumla taratibu. Geni ikiwa ndogo utafidia kwa fada na kupata mvumo; ikiwa kubwa sauti inakwaruza, na kushusha fada hakuisafishi kwa sababu imeshaharibika mlangoni.

Kwa maiki ya sauti ya mtu, bonyeza pia kichujio cha besi, kile cha 75, 80 au 100 Hz. Kinaondoa mshindo wa hatua na wa kushika maiki.

Spika zikianza kupiga yowe, usikimbilie treble. Angalia maiki imeelekea wapi: spika kubwa ziwe kati ya maiki na watu, zikitazama watu; spika ambayo mwimbaji anajisikilizia iwe nyuma ya maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele), upande ambao haisikii vizuri. Kisha msogeze mwimbaji karibu na maiki. Kutoka sentimita 20 hadi 10 kunakupa desibeli 6 hivi bila kugusa geni, na mkono wake usifunike kichwa cha maiki, kwa sababu kadioidi ikizibwa nyuma huanza kusikia pande zote.