Mwenye lori si adui yako: fedha ya ajali ya Usagara ilivyorudi

Awamu ya mwisho ya fedha ya faili la Usagara imeingia benki wiki iliyopita. Nilisubiri iingie yote ndipo niandike, maana wadaiwa wengi hulipa awamu ya kwanza kwa tabasamu na ya pili hawapokei simu. Hii imefika hadi mwisho. Naandika kwa furaha, kwa sababu faili hili liliwahi kupigwa muhuri wa kufungwa na watu wenye vyeo kunizidi.

Ninyi mnaofanya kazi ya subrogesheni Mwanza, Shinyanga, Geita na Musoma mnajua hali ilivyo. Kampuni ya bima ikishamlipa mteja, inapata haki ya kumdai aliyesababisha hasara, na sisi ndio tunaotumwa kudai. Dawati la kulipa madai lina watu na gari la ofisi. Letu ni meza moja pembeni, na tunakumbukwa pale hesabu za mwaka zinapofungwa. Mtu wa mauzo akileta ada ya bima ya milioni 20 anapigiwa makofi. Mtu wa subrogesheni akirudisha milioni 20 anaulizwa kwa nini hazikuwa 30. Nimeishi hivyo miaka mingi na bado linaniuma, sitaficha.

Tuje kwenye faili. Mteja wetu ni mama anayenunua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwapeleka Kahama. Alikuwa na Canter yenye bima kubwa. Pale Usagara, barabara ya Shinyanga inapoachana na ya Kigongo, lori la kokoto lilikuja kwa nyuma likaisukuma Canter hadi mtaroni. Dereva wa mama alivunjika mkono. Kabini ilibonyea, chesisi ikapinda, magunia ya dagaa yakapasuka na kuloa. Matengenezo pamoja na kuvuta gari yalifika milioni 28. Mama akabeba ekses, yaani sehemu ya hasara anayojilipia mteja mwenyewe, ya milioni 2, sisi tukalipa 26. Dagaa walikuwa wa milioni 4, na mzigo haukuwa na bima.

Siku ileile mwenye lori alifika polisi. Akatoa laki tano za kupozea, pamoja na karatasi ya mkono: tumemalizana, hakuna atakayemdai mwenzake. Mama akanipigia kabla hajasaini.

"Mwanangu, hii karatasi ina shida?"

Nikamwambia, mama, pokea hiyo hela, andika kwamba ni ya matibabu ya dereva, na hilo neno la kumalizana likatwe. Akafanya hivyo. Mwenye lori alinuna lakini alikubali.

Naomba niseme hili kwa sauti kubwa, kwa sababu mafaili mengi ya kanda hii yanafia hapo kituoni. Haki yetu ya kudai inatoka kwa mteja. Hatuna haki nyingine zaidi ya ile aliyokuwa nayo yeye. Akisaini kwamba ameyamaliza, nasi tumeyamaliza, na kinachobaki ni kampuni kumgeukia mteja wake mwenyewe kwa kuharibu haki yake. Nani anataka kumshtaki mama wa dagaa? Na mteja naye hatakiwi kulipwa mara mbili. Hilo limekuwa wazi tangu kesi ya Castellain dhidi ya Preston, Uingereza, mwaka 1883. Mwenye nyumba Liverpool alilipwa na bima pauni 330 baada ya moto, kisha akapokea bei yote ya nyumba kutoka kwa mnunuzi, na mahakama ikamwamuru airudishie kampuni fedha yake. Kwa hiyo mweleze mteja mapema, siku anayoripoti ajali, kabla hamjalipa hata shilingi: usisamehe, usisaini, nipigie.

Vilevile chukua namba za mashahidi siku hiyohiyo. Zamani dereva aliyeona ajali njia ya Geita ungeweza kumwahi kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari yanavuka moja kwa moja, na shahidi wako amefika Sengerema wewe bado unatafuta kalamu.

Baada ya kulipa, nilituma faili makao makuu kwa ajili ya kudai. Likarudi na barua pepe ya mistari mitatu. Kadi ya lori ina jina la mtu aliyeliuza zamani. Kampuni ya bima iliyotoa stika ya lori imejibu kuwa mteja wake hajaripoti ajali yoyote. Dereva hana kitu. Funga faili. Barua pepe hiyo ninayo hadi leo.

Sikufunga. Nilianza na mahakama. Dereva wa lori alikuwa ameshtakiwa kwa kosa la usalama barabarani, akakiri, akalipa faini. Wengi wetu tukisikia "amelipa faini" tunaona mambo yamekwisha, kumbe ndipo yanapoanza. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishapita muda wa rufaa inachukuliwa kuwa ushahidi kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Nikaomba nakala iliyothibitishwa. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kuniambia Canter ndiyo iliyofunga breki ghafla.

Kadi nayo haikunitisha. Nusu ya malori ya mkoa huu yameuzwa bila kubadilishwa jina TRA. Anayejibu kwa kosa la dereva ni yule aliyemtuma kazini, na kwa lori la kokoto huyo hafichiki: uliza machimboni nani analipia kokoto, uliza dereva anapokea mshahara kwa nani. Nilipata jina, kisha nikapata yadi, Nyakato.

Hapa wenzangu wengi wangetuma barua ya wakili yenye siku saba. Mimi nilikwenda mwenyewe, asubuhi, bila wakili.

"Mwangaluka, baba."

Alipoitikia na kunipa kiti, nilijua tutazungumza. Mzee wa Kisukuma hawezi kukufukuza akiwa ameshakukaribisha kwa salamu ya kwao.

Akasema, "Binti, dereva alishalipa faini. Serikali imechukua chake. Ninyi mnataka nini tena?"

Nikamweleza kwamba faini imekwenda serikalini na yule mama hajapata hata senti katika hiyo. Nikaweka mezani karatasi moja ya hesabu: vipuri, ufundi, kuvuta gari, dagaa. Milioni 32. Pembeni picha za Canter na ripoti ya mkadiriaji. Alizitazama muda mrefu. Akataja milioni 3.

Sikubishana na milioni 3 wala sikushuka kwangu. Ukijibu namba mbovu kwa kupunguza yako, umeshakubali kuwa mazungumzo yaanzie kwake. Nikamuuliza jambo jingine kabisa.

"Baba, kila mwaka unalipia bima ya lori. Ukishalipia, unanunua nini?"

"Stika. Trafiki asinisumbue."

Nawaambia ukweli, jibu hilo ndilo lililorudisha fedha. Mzee huyu alikuwa amelipia bima ndogo, ile inayolipa hasara za watu wengine, miaka yote bila kujua kwamba mkataba wake una kikomo cha milioni 20 kwa mali ya watu wengine anayoiharibu. Alidhani nimekuja kuchukua fedha mfukoni mwake. Nikamwambia wazi kuwa mimi ni wa upande wa pili na siwezi kumshauri kama wakili wake, ila mkataba ni wake na ana haki ya kuusoma. Akatuma kijana aulete. Tukausoma pamoja, mstari kwa mstari.

Ilibaki hoja ya kampuni yake kwamba hakuripoti. Nikamuuliza kama siku ya ajali alimwambia mtu yeyote wa bima. Akafungua simu. Jioni ya ajali alikuwa amemtumia wakala picha za lori kwa WhatsApp, na wakala akajibu "pole sana mzee, nitafuatilia". Hakufuatilia. Mzee akaandika barua akiambatisha ujumbe huo, akaeleza kwamba wasipomsikiliza atapeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kampuni iliyosema haina taarifa ikakuta taarifa imelala kwenye simu ya wakala wake yenyewe. Wakalipa milioni 20, kikomo chote.

Ndiyo maana nasema mwenye lori si adui. Wadaiwa wengi wa barabarani wana stika na hawajui inafanya nini. Unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, ni kazi ya dakika chache. Lakini ukiiandikia kampuni yake peke yako, utajibiwa kwamba hawana mkataba na wewe. Mlango huo anaufungua yeye. Ukimtisha anajificha, na akijificha haripoti, na asiporipoti mnakosa wote. Mfanye aone kwamba kila shilingi bima yake itakayolipa haitatoka kwake.

Zilizobaki milioni 12 tulizungumza tena yadini. Aliomba nifute zote. Nilikuwa nimeshajua kabla sijafika ni kipi naweza kuachia na kipi siachii, na nawasihi mfanye hivyo kila mara, mkiwa mmeshapata kibali cha bosi kwa maandishi. Niliachia milioni 3, kwa sharti la kusaini siku hiyohiyo. Akakubali milioni 9 kwa awamu.

Barua zote za mazungumzo niliziandika juu kabisa "bila kuathiri haki za pande zote", yaani kinachosemwa humo kisitumike mahakamani kama kukiri. Makubaliano ya mwisho hayakuwa na maneno hayo. Yalikuwa na kiasi, tarehe, mashahidi, na kifungu kwamba akiruka awamu moja salio lote linadaiwa papo hapo. Sababu ni muda: makubaliano yaliyosainiwa ni mkataba unaodaika wenyewe. Dai la uzembe barabarani lina miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, na la mkataba lina miaka 6. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi muda. Nimeona ofisa mzuri akizungushwa na "njoo wiki ijayo" hadi dai likafa mkononi mwake, na aliyemzungusha alijua anachofanya. Kama mdaiwa hasaini, fungua kesi kabla ya miaka 3, mazungumzo yataendelea kesi ikiwa mahakamani. Na kama gari lililogonga ni la serikali, halmashauri au shirika la umma, hesabu mapema zaidi: kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe.

Fedha zilipotimia, ripoti ya robo mwaka iliwashukuru watu wa makao makuu. Jina langu halikuwemo. Nimelisema hapa kwa sababu vijana mnaonisoma litawakuta pia, na msije mkaacha kazi kwa sababu hiyo. Wekeni nakala za kazi zenu.

Lakini kuna jambo ninalolidai kwenu zaidi ya yote, nalo ni kumkumbuka mteja. Maofisa wengi wanadai kile tu kampuni ilicholipa. Hilo ni kumdhulumu mtu. Kesi inafunguliwa kwa jina la mteja, na sheria ya mwenendo wa madai hairuhusu kugawanya dai moja vipande vipande. Ukidai matengenezo peke yake na kumalizana, ekses yake na dagaa wake vimezikwa, naye hataweza kurudi mahakamani kwa ajali ileile. Muulize mapema: mama, ulipoteza nini kingine? Pokea risiti zake, ziingize kwenye hesabu. Katika faili hili tulipata milioni 29 kati ya 32, na upungufu tuliugawana kwa uwiano, kampuni na mama. Fedha yake tulimlipa wiki ileile kila awamu ilipoingia, pamoja na karatasi inayoonyesha hesabu yote. Kama ofisini kwenu fedha ya mteja hukaa hadi aje kuidai mwenyewe, anzeni kurekebisha hapo kabla ya kumfuata mwenye lori yeyote.