Maswali na majibu: PBA si NBA ndogo

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu PBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Ufilipino, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo ndiyo kongwe zaidi ya aina yake barani Asia. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Swali: Nilianza kumfuatilia Mmarekani Justin Brownlee wa klabu ya Barangay Ginebra, lakini kuna miezi haonekani kabisa uwanjani. Je, ameumia au ameachwa?

Jibu: Huenda hakuumia wala hakuachwa. Msimu wa PBA umegawanyika katika mashindano matatu yanayojitegemea, kila moja likiwa na bingwa wake, na lile linaloheshimiwa kuliko yote, Philippine Cup, haliruhusu mchezaji wa kigeni. Wageni husajiliwa katika Commissioner's Cup na Governors' Cup, na katika hilo la mwisho mgeni hupimwa kimo ili asizidi futi 6 na inchi 6. Brownlee alipewa uraia Januari 2023, na mwaka huohuo akaisaidia timu ya taifa kutwaa dhahabu ya Michezo ya Asia, ya kwanza tangu 1962, lakini ndani ya ligi bado anahesabiwa kuwa mgeni. Asipokuwepo, usizime runinga. Philippine Cup ndipo utakapomwona June Mar Fajardo wa San Miguel, aliyetajwa mchezaji bora wa ligi kwa misimu sita mfululizo, akitawala chini ya kikapu bila Mmarekani yeyote wa kumsaidia au kumzuia. Shabiki anayesubiri wageni warudi ndipo atazame anaikosa ligi yenyewe.

Swali: Bingwa wa PBA anaweza kuifunga timu ya NBA?

Jibu: Hapana. Naomba swali hili lisiletwe tena.

Swali: Nichague timu ipi, na kwa nini majina yake yanafanana na matangazo ya biashara?

Jibu: Yanafanana kwa sababu ni matangazo. Klabu za PBA ni mali ya makampuni na haziwakilishi miji. Nyingi hupokezana viwanja vilevile vya Manila na vitongoji vyake, na jina hubadilika mwenye mali akitaka kuuza bidhaa nyingine. Klabu inayoitwa Magnolia leo iliwahi kuitwa Purefoods na San Mig Coffee. Alaska, yenye mataji 14, yakiwemo yote matatu ya msimu wa 1996, iliuzwa mwaka 2022 na jina lake likatoweka kwenye ligi. Mpende mchezaji au kocha kwanza, jina la klabu lifuate.

Lakini linalonikera zaidi si majina. Kampuni ya San Miguel inamiliki klabu tatu, yaani San Miguel, Ginebra na Magnolia, na kundi pinzani linamiliki nyingine tatu, TNT, Meralco na NLEX. Mwaka 2017 klabu ya KIA, iliyokuwa dhaifu na ilihitaji kipaji kuliko yeyote, iliikabidhi San Miguel haki ya kuchagua wa kwanza miongoni mwa wachezaji wapya, ikapokea wachezaji watatu wa akiba na nafasi moja ya uteuzi wa baadaye. San Miguel ikamchukua Christian Standhardinger, bodi ya ligi ikagawanyika, na kamishna aliyeidhinisha biashara hiyo akaondoka madarakani. Kanuni zilifuatwa, watetezi wanasema, na mimi nasema kanuni inayomruhusu maskini amgawie tajiri haikustahili kuandikwa. Ukitaka ushauri wangu, jaribu Rain or Shine, ambayo haimo katika makundi hayo mawili na ina mataji mawili tu. La pili, mwaka 2016, iliipata kwa kuifunga Alaska, nayo klabu huru wakati huo. Utateseka, lakini furaha ikija itakuwa yako kweli.

Swali: Ni kweli kwamba kuna mtupo wa pointi nne?

Jibu: Ndiyo, ulianzishwa mwaka 2024, kutoka umbali wa futi 27. Siupendi, kwa kuwa timu iliyozidiwa hukimbilia huko badala ya kutafuta nafasi nzuri.

Swali: Nipe timu ya uhakika niiweke kwenye mkeka.

Jibu: Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Katika ligi hii klabu inaweza kumfukuza mgeni wake katikati ya mashindano na kumleta mwingine, na timu uliyoijua juma lililopita ikawa nyingine kabisa. Anayekuuzia utabiri wa PBA anauza asichokijua.

Swali: Sina muda. Je, vipande vya dakika kumi vinatosha?

Jibu: Vinatosha kwa kusimulia, havitoshi kwa ushabiki. Chukua mchezo wa sita wa fainali ya Philippine Cup ya mwaka 2024, Meralco dhidi ya San Miguel. Kipande kitakuonyesha Chris Newsome akifunga sekunde 1.3 kabla ya filimbi, 80 kwa 78, na Meralco ikipata taji la kwanza tangu ijiunge na ligi mwaka 2010. Hakitakuonyesha jinsi San Miguel ilivyong'ang'ania hadi Fajardo, mtu mrefu ambaye kazi yake ni chini ya kikapu, akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu muda mfupi kabla ya hapo. Bila kuuona uchovu wa robo nne za dakika 12, mpira wa Newsome ni kikapu kama vikapu vingine. Tafuta mchezo mzima kwa watangazaji wenye haki, si kwenye viungo vya wizi vinavyokujazia virusi, kisha utafute Ginebra dhidi ya Magnolia, mechi ambayo mara nyingi huwekwa siku ya Krismasi. Ukimaliza hizo mbili, niandikie. Maswali yako yatakuwa bora zaidi.