Uzani ni wa nani?

Msomaji wa Lamu anayefasiri makala ya uchumi ametuletea sentensi hii: "Kukadiria jinsi sarafu inayosimamiwa inavyopimwa uzito dhidi ya kapu la sarafu." Anauliza aandike uzito au uzani, na kama "dhidi ya" imekaa mahali pake. Sarafu inayosimamiwa ni ile ambayo benki kuu huiongoza thamani yake; kapu ni kundi la sarafu nyingine ambazo thamani hiyo huzifuata, kila moja kwa sehemu yake.

"Dhidi ya" iondoe. Kwenye bei za kubadilisha fedha imeshazoeleka, "shilingi imeshuka dhidi ya dola", wala sina ugomvi nayo. Hapa inapotosha. Msomaji ataona mizani ya sahani mbili, sarafu huku, kapu kule. Sivyo: wenye uzani ni waliomo kapuni. Pima kapu la samaki hapo sokoni Lamu, kilo 6 nguru, kilo 4 changu. Uzani wa nguru ni asilimia 60. Dirhamu ya Moroko iko vivyo hivyo tangu 2015: yuro asilimia 60, dola 40.

Kwa hiyo chagua uzani. Uzito ni hali ya kitu kuwa kizito, na kwa sitiari ni nguvu: dola ina uzito hata pale isipokuwemo kapuni. Uzani ni kipimo kilichotokana na kupima, ndugu wa mizani, hiyo hiyo tunayohesabia silabi za mshororo. Anayeandika uzito hajakosea, ila atalazimika kujieleza.

"Kukadiria" ni sawa pale uzani ulipofichwa. Wa Moroko umetangazwa, unasomwa tu. Kuwait iliifunga dinari yake kwenye kapu Mei 2007 bila kutaja uzani. Huo ndio wa kukadiriwa. Usiseme kukisia, maana anayekisia hana hesabu. Mkadiriaji hukusanya bei za kila wiki za dinari na za sarafu zinazodhaniwa kuwemo, zote kwa sarafu ya tatu, tuseme faranga ya Uswisi. Hutoa mabadiliko ya logarithi za bei hizo, ambayo ni karibu sawa na badiliko kwa asilimia, kisha kwa rigresheni, hesabu ya takwimu ya kugawa mchango wa kila kitu, hutafuta kila sarafu inabeba sehemu gani ya mwendo wa dinari. Akipimia kwa dola yenyewe, badiliko la dola ni sifuri siku zote na uzani wake hauonekani moja kwa moja. Akiingiza dola pamoja na riyali ya Saudia, iliyofungwa kwa 3.75 kwa dola, mbili hizo huenda sanjari na hesabu haiwezi kuzitenganisha. Na kama uzani ulibadilishwa katikati ya kipindi, atapata wastani ambao haukutumika siku yoyote.

Kapu au kikapu, vyote vinakubalika. Chunga upatanisho tu, usianze na "kapu" ukamalizia na "kinachoongoza". Sentensi yako basi iwe: "Kukadiria uzani wa kila sarafu katika kapu linaloongoza thamani ya sarafu inayosimamiwa."