Ukitaka kuunda chesisi nyumbani, anza na magurudumu

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuunda chesisi, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba gari zima, huanza na mashine: ninunue mashine gani ya kuchomelea? Namwelewa, maana kuchomelea ndiko kunakoonekana kuwa kazi yenyewe. Lakini gari nililoliunda gereji kwangu lilinikuta muda mwingi nikiwa na futi, timazi na chaki mkononi, na naamini hiyo ndiyo sababu linakwenda limenyooka.

Chesisi ina kazi moja kubwa: kuzishika sehemu zinazofungwa sasipensheni (springi na mikono inayoshika magurudumu) zisisogee, gari likipiga kona, likibeba mzigo au likiingia shimoni. Kwa hiyo usianze na chuma, anza na magurudumu. Chukua matairi yale yale utakayotumia, uyaweke sakafuni mahali pake, kisha panga ekseli, mikono ya sasipensheni, injini, giaboksi, na kiti pamoja na mtu aliyekikalia. Mtu huyo avae viatu na akanyage pedali. Nafasi inayobaki katikati ya vitu hivyo ndiyo njia ya mabomba. Mimi niliyawakilisha mabomba kwa vipande vya mbao kabla ya kukata chochote, na mbao hizo ndizo zilizonionyesha kwamba bomba moja la chini lingeizuia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, isifunguke bila kushusha injini nzima. Mbao huhamishwa kwa dakika moja.

Halafu meza. Unahitaji uso uliolala sawasawa na usioyumba: boriti za chuma zilizosawazishwa kwa pima maji, au ubao mnene juu ya fremu imara. Chora mstari wa katikati kutoka mwanzo hadi mwisho wa meza, na kila kipimo cha kushoto na kulia kitoke kwenye mstari huo. Ukipima kutoka bomba hadi bomba, kosa dogo la kwanza linabebwa na la pili, la pili na la tatu, mpaka nyuma ya gari. Pima pia milalo miwili ya kila mstatili, kona hadi kona ya mkabala: ulalo mmoja ukizidi mwingine, umbo limepinda hata kama macho yanalikubali.

Kuhusu chuma chenyewe, watu hukimbilia unene. Kuna jambo la kulielewa hapa. Chukua bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu za msalani zikiisha, ulisokote kwa mikono miwili. Kisha lipasue kwa urefu, ulisokote tena. Karatasi ni ile ile, lakini sasa halina ubishi wowote. Chuma nacho ni hivyo hivyo: bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3 linakataa kusokotwa zaidi ya mara 150 kuliko bomba hilo hilo likiwa limepasuliwa kwa urefu. Na ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili bila kubadili ukuta, ukinzani wake dhidi ya kusokotwa unapanda kama mara 8. Ukiongeza unene wa ukuta mara mbili, unapanda kama mara 2 tu, nao uzito umeongezeka vile vile. Chuma cha gharama kinachosifiwa kwa nguvu kitachelewa kupinda bila kurudi au kukatika, lakini kwa kunesa hakitofautiani na chuma cha kawaida. Kwa mtu wa nyumbani, chuma laini cha kawaida kinatosha, na kinachomeleka vizuri.

Kinachobaki ni pembetatu. Mraba wa mabomba manne unasukumika ukalala upande. Ukiuwekea bomba la ulalo, hauendi popote. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, alipoitoa gari dogo la michezo la Lotus Seven mwaka 1957, chesisi yake ilikuwa ya mabomba membamba yaliyopangwa hivyo, na bati za alumini zilizopigwa ribiti juu yake zikaongeza ugumu. Tazama kila dirisha la mraba katika chesisi yako ujiulize nini kinalizuia lisilale. Sehemu ngumu ni pale mtu anapoingilia na pale injini inapokaa, kwa sababu huwezi kupitisha ulalo hapo. Huko ndiko ninakokubali mabomba makubwa zaidi.

Sasa moto. Chuma kilichoyeyuka hunywea kikipoa, na kikinywea huvuta bomba. Huwezi kuzuia hilo, unaweza kulipanga. Funga chesisi nzima kwa vinukta vidogo vya kuchomelea, vya kushikizia tu, pima upya kila kitu, ndipo uchomelee vipande vifupi kwa kuhamahama: kona ya mbele kushoto, kisha ya nyuma kulia, kisha nyingine. Klampu zisitoke mpaka chuma kipoe. Breketi za sasipensheni, yaani vipande vya chuma vyenye mashimo ya kufungia mikono yake, mimi huziweka mwisho, fremu kuu ikiwa imeshavutika kadiri itakavyovutika, na hupitisha fito moja iliyonyooka katika mashimo ya breketi zote zinazoshirikiana ili zibaki kwenye mstari mmoja.

Kabla ya kugusa chesisi, chomelea vipande vya majaribio vyenye unene ule ule. Kimoja kikate kwa msumeno utazame kama moto uliingia ndani, kingine kifunge kwenye jiliwa ukipige nyundo. Kikibanduka na kuacha uso wa chuma ukiwa laini, mkono wako bado hauko tayari kubeba mtu. Hapo mpe fundi aliyezoea akumalizie viungo vya sasipensheni, stelingi na mikanda ya usalama, wewe ukibaki na vipimo. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Bolti inayotoboa bomba la chesisi ipite ndani ya kipande cha bomba dogo, kilichochomelewa pande zote mbili, la sivyo ukikaza nati utaliponda bomba, na bolti italegea kila siku.

Usichomelee bomba lenye zinki bila kuiondoa kwanza, moshi wake unaleta homa. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie kabisa: zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua. Baada ya kazi kaa gerejini nusu saa, cheche hujificha.

Waulize pia mapema wakaguzi wa magari wa mahali ulipo wanataka nini, hasa kuhusu mikanda na stelingi. Piga picha kila hatua.

Rangi iwe ya mwisho. Liendeshe kwanza gari likiwa na chesisi isiyopakwa rangi, polepole, mahali pasipo na watu, kisha livue lote na upitie kila kiungo kwa taa na dawa ya kuonyesha nyufa, ukianza na breketi za sasipensheni.